Bakuli la Korosho la Shamila

Pikipiki ilikuwa imeshaanza kuteremka mlima. Faidha alikaa nyuma ya dereva, upande upande, kwa kuwa tumbo la miezi saba halikumpa nafasi ya kukaa vingine. Mkono mmoja ulishika begi. Mwingine ulimpungia mama yake.

Shamila alisimama kwenye kona ya ua wa matete.

"Dereva, angalia mashimo!" alipaza sauti. "Umebeba watu wawili!"

Dereva hakusikia. Vumbi lilipanda, likatua, na barabara ikabaki tupu.

Safari ile ilikwenda kinyume. Katika ukoo wao pale Chiwata, mtoto wa kwanza wa binti huzaliwa kwa upande wa mama. Siku hizi binti anajifungulia zahanati, sawa, lakini mama ndiye anayemsindikiza, ndiye anayemkanda, ndiye anayempikia uji. Faidha alikuja kwa ajili hiyo. Alikaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mama yake mwenyewe akamrudisha Newala kwa mumewe, Tahiri.

"Nenda, mwanangu," alimwambia. "Mimi siwezi kuinua watu wawili."

"Sasa nitajifungua na nani?"

"Nitakuja."

"Utakujaje, mama? Bibi utamwacha na nani?"

Shamila alimfungia ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kwenye khanga, akampa.

Huyo bibi aliyetajwa ni Bi Sophia, mama mzazi wa Shamila. Miaka mitatu nyuma alikuwa anafagia chini ya mikorosho, fagio likamponyoka. Akainama aliokote, hakuinuka tena. Watu walisema upepo mbaya. Hospitalini wakasema kiharusi. Presha ilikuwa juu siku nyingi, mshipa wa damu kichwani ukaharibika, na sehemu ya ubongo ikafa. Mkono na mguu wa kulia vikalala. Maneno nayo yakapotea, likabaki moja tu: "bado." Ukimwuliza ameshiba, bado. Ukimwuliza anaumwa, bado. Lakini macho yake yalikuwa na akili timamu, na mkono wa kushoto ulikuwa mzima.

Shamila alikuwa mjane. Siku yake ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Alimgeuza mama yake. Alimsafisha. Alifua vitambaa. Alipika uji, akamnywesha kijiko kimoja kimoja. Kisha mbio shambani kuokota korosho, na kila baada ya muda mfupi mbio nyumbani kumgeuza mgonjwa, asije akapata vidonda vya kulala. Jioni ni yale yale, na kwa usiku mzima usingizi wake ulikuwa wa kuku, jicho moja wazi.

Watu wakipita walisalimia.

"Mama Faidha, mgonjwa anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

Hayo tu. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeuliza mwuguzaji anaendeleaje. Na angeulizwa asingesema. Pale kwao, ukisema umechoka na mgonjwa, umemfanyia uchuro. Ni kama umekiita kifo kwa jina lake na kukifungulia mlango.

Mdogo wake, Mrisho, alikuwa fundi cherehani mjini Masasi. Kila mwisho wa mwezi alikuja na sukari na sabuni. Alikaa kitini muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai.

"Dada yangu huyu ni mpingo," alipenda kusema. "Mchwa hamwezi."

Kisha huyo, akarudi zake mjini.

Wiki moja baada ya Faidha kuondoka, Mama Dastani alifika. Jina lake ni Ethel, lakini wote humwita kwa jina la mwanawe. Ni mhudumu wa afya wa kijiji. Huzunguka kwa baiskeli, na mkobani ana mashine ya kupimia presha. Siku hiyo Mrisho alikuwepo. Mjomba Bwanali naye alikuwepo. Huyu ni kaka wa Bi Sophia, ndiye mkubwa wa ukoo, na alikuja kutazama kama korosho zimekauka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Dastani. Baiskeli yako inalia kama mbuzi wa kuchinjwa. Nunua mafuta."

"Nikinunua mafuta, mzee, utajuaje kama nimefika? Utashindwa kuficha chupa yako ya pombe ya mabibo."

Mrisho alicheka. Bi Sophia, mkekani, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mimi chupa sina. Wewe mama!" alisema Bwanali, naye anacheka.

Ethel alimpima Bi Sophia presha. Akauliza kama anakunywa dawa kila siku. Kisha akatoa karatasi nyingine.

"Leo nina la Mama Faidha," alisema. "Tumefundishwa jambo jipya. Mtu anayemuuguza mgonjwa wa kiharusi, au wa kifafa, au mzee aliyepoteza kumbukumbu, naye anapimwa."

"Apimwe nini? Mbona mzima?" aliuliza Mrisho.

"Apimwe mzigo. Yaani kuuguza kunamlemea kiasi gani. Ni maswali kumi na mawili."

Aliomba bakuli la bati na korosho kutoka kwenye tandiko la kuanikia. Akaeleza taratibu. Kwa kila swali, kama jambo halimpati kabisa, asiweke kitu. Likimpata mara moja moja, aweke korosho moja. Likimpata wakati mwingine, mbili. Mara nyingi, tatu. Kama ni karibu kila siku, nne.

"Swali la kwanza. Kwa sababu ya kumuuguza mama, unakosa muda wa mambo yako?"

Shamila alimtazama mama yake. Akamtazama mjomba. "Hapana," akasema.

"Unajisikia kuchoka kupita kiasi?"

"Hapana. Ni mama yangu."

"Afya yako imeshuka tangu uanze kumuuguza?"

"Aah. Mgongo tu. Wa kilimo." Akatia korosho moja.

Ikawa hivyo hadi mwisho. Maswali kumi na mawili, korosho tatu.

"Si nilisema?" Mrisho alipiga paja. "Mpingo!"

Hapo Bi Sophia akanyoosha mkono wa kushoto. Alichota korosho kwenye tandiko, konzi nzima, akazimwaga bakulini. Zikalia kwenye bati. Akachota tena.

"Mama, acha kuchezea," alisema Mrisho kwa upole.

"Bado," alisema Bi Sophia, na akamwaga nyingine.

Walimwondolea bakuli. Mjomba Bwanali akasema maskini, akili inakwenda. Ethel aliandika tatu kwenye karatasi, na pembeni akaweka alama ya kuuliza.

Siku ya tatu alirudi. Safari hii hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shambani, akamkuta Shamila ameinama chini ya mkorosho. Akaegesha baiskeli, akainama naye. Wakaokota pamoja. Tunda la bibo huku, korosho yake kule.

"Mama Faidha, juzi nilikosea," alisema Ethel.

"Umekosea nini?"

"Nilikuuliza mbele ya watu. Tulifundishwa tusifanye hivyo, nikasahau. Nani atasema mzigo ni mzito, na mzigo wenyewe umelala pale unasikia?"

Shamila aliendelea kuokota.

"Nitauliza tena. Hapa tuko sisi na mikorosho. Utakalosema halitoki kwangu bila ruhusa yako."

"Na uchuro je?"

"Hebu niambie. Miaka mitatu hujasema umechoka. Mama amepona?"

Shamila akasogeza bakuli lake la kuokotea, akalimwaga likabaki tupu. "Uliza," akasema.

Swali la kwanza, korosho nne. La pili, nne. La tatu, tatu. Alikuwa anaziweka moja moja, bila haraka, kama mtu anayelipa kitu alichokopa zamani. Walifika swali la sita.

"Unashikwa na hasira unapokuwa na mgonjwa?"

Mkono wa Shamila ulibaki hewani.

"Juzi jioni alimwaga uji," alisema. "Uji wa mwisho. Nilimpiga kofi mkononi. Mkono ule uliokufa, Mama Dastani. Hata hausikii. Nikampiga mkono usiosikia, na yeye ananitazama."

Akatia korosho tatu. Akafikiri. Akaongeza ya nne.

Ethel hakumwambia usilie. Alingoja machozi yamkauke, kisha akamaliza maswali yaliyobaki, wakahesabu pamoja. Thelathini na tatu.

"Juu kabisa ni arobaini na nane," alisema Ethel. "Kwa karatasi yetu, ikipita ishirini tunasema huyu mtu amelemewa, asaidiwe."

Akamfunga kitambaa cha mashine mkononi. Mashine ikavuma, ikatulia. Ethel alitazama namba, akapima tena.

"Mia sabini na nane kwa mia na nne. Unajua mama yako siku ile hospitalini alikutwa na ngapi?"

"Sikumbuki."

"Mia na themanini na kitu. Wewe uko mlango wa jirani."

Shamila alikaa chini. Ethel akamweleza bila kumtisha. Mwuguzaji asiyelala na asiyepumzika huumwa kama watu wengine, ila yeye huchelewa kujua. Dalili ni hizi: usingizi kupotea, mgongo kuuma, kulia bila sababu, hasira za ghafla. Kumpiga mgonjwa ni kosa, na kunaonyesha kwamba mwuguzaji amefika ukingoni. Dawa yake ni kugawana kazi. Na presha ile hainyamaziwi, kesho yake aende zahanati.

"Niruhusu niwaite ndugu zako," alisema.

"Watasema nimemchoka mama."

"Wakisema?"

"Wewe si wa ukoo huu, hujui. Binti ndiye mwenye nyumba ya mama. Kazi hii ni yangu."

"Haya. Na uzazi wa Faidha ni kazi ya nani?"

Shamila aliokota korosho iliyokuwa karibu na mguu wake, akaisokota mkononi.

"Waambie jumla tu," alisema mwishoni. "Ya kofi usiwaambie."

"Ya kofi ni yako."

Walikutana Ijumaa baada ya swala. Mjomba Bwanali alikaa kitini, Mrisho na mkewe Ziada mkekani, Bi Sophia ameegemezwa mito. Ethel aliweka bakuli katikati. Ndani mlikuwa na korosho thelathini na tatu.

"Huu ndio mzigo wa Mama Faidha," alisema. "Ile tatu ya juzi haikuwa kweli. Kosa langu."

Bwanali alichungulia bakuli. "Mama Dastani, sisi korosho tunapima kwa mzani ghalani. Hiki ni kitu gani? Bakuli!"

"Mzee, gunia unalijuaje uzito?"

"Kwa mzani."

"Na presha?"

"Kwa hicho kidude chako."

"Na uchovu?"

Mzee alichungulia bakuli tena.

"Uchovu hauna mzani wa kuning'iniza," alisema Ethel. "Njia ni kumwuliza anayeubeba, peke yake, kwa maswali yale yale, na kumrudia baada ya miezi kadhaa. Ndipo tunajua umepanda au umeshuka. Wahenga walishasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Ukiwa kichwani kwa mwingine, unauona mwepesi."

"Mimi naleta sukari," alisema Mrisho. Alikuwa ameumia.

"Unaleta, shemeji," alidakia Ethel kwa utani. "Sukari haigeuzi mgonjwa. Hebu inuka, umkalishe mama kwenye kile kigoda."

Mrisho alivua koti. Alimshika mama yake mkono wa kulia, ule uliolala, akavuta. Bi Sophia alikunja uso. Akajaribu kumkamata kiunoni, miguu imenyooka na mgongo umepinda. Alimwinua nusu, akamrudisha. Mara ya tatu akashika kiuno chake mwenyewe.

"Yalaa!"

Bi Sophia alianza kucheka. Kicheko cha upande mmoja, lakini kirefu. Ziada akafunika mdomo. Hata mjomba mabega yakatikisika.

"Fundi kakatika uzi," alisema Bwanali.

Shamila hakucheka. "Mara nane kwa siku," alisema polepole. "Wewe umejaribu mara tatu."

Mrisho alikaa chini. Hakusema tena neno mpingo.

Lakini Bwanali alikuwa bado hajakubali. "Sikilizeni," alisema. "Tumeikuta mila. Mama yuko kwa binti. Na mtoto wa kiume hawezi kumwogesha mama yake, ni aibu. Sasa mnataka nini?"

"Mjomba," alisema Shamila. "Shikamoo."

"Marahaba." Alishangaa. Walikwishasalimiana tangu mwanzo.

"Mila hiyo hiyo inasema ukoo ni wa upande wa kike. Mimi na Mrisho tumeufuata kwa mama. Na mama na wewe ni tumbo moja. Mgonjwa huyu ni wa nani kwanza? Wangu, au wako?"

Swali lile halikuwa na mlango wa nyuma. Bwanali aligeukia mkekani.

"Dada. Wewe unasemaje?"

Bi Sophia hakusema bado. Alinyoosha mkono wa kushoto, akalishika bakuli ukingoni. Akalisukuma. Lilikwenda polepole kwa mkono mmoja, likakwaruza mkeka. Alilisukuma kutoka mbele ya Shamila mpaka likagusa mguu wa kaka yake. Kisha akaegemea mito, akafumba macho.

Mzee aliliinua bakuli, akaliweka magotini.

"Haya," alisema. "Gawanyeni."

Waligawana papo hapo. Kuogesha na kubadilisha nguo, kazi ya wanawake: Shamila, Ziada, na binti mmoja wa Bwanali anayeitwa Veridiana, aliyeolewa jirani. Mrisho angekuja kila Jumamosi na kulala, si kunywa chai. Kazi yake ni kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, kumlisha, kuchota maji. Bwanali angefuata dawa zahanati, na kila asubuhi angekaa na dada yake hadi adhuhuri, Shamila awe huru.

Ethel akawafundisha kuinua. Msogelee mgonjwa. Piga magoti, usikunje mgongo. Mkumbatie karibu na kifua chako. Kigoda kiwe upande wake wenye nguvu, na yeye asaidie kwa mguu mzima. Mkono uliolala usivutwe kamwe, bega litateguka. Mgonjwa akila, akae wima, asilishwe amelala, atapaliwa. Dawa ya presha ni ya kila siku, hata kichwa kikiwa hakiumi. Na mkono ule uliolala ukunjwe na kukunjuliwa mara kwa mara, taratibu.

Mrisho alijaribu tena. Bi Sophia akakaa kigodani.

"Bado?" Mrisho alimwuliza, anahema.

"Bado," alijibu mama yake, na akampapasa kichwa.

Mipango haikwenda sawa yote. Jumamosi ya pili Mrisho hakuja, alisema ana nguo za harusi. Bwanali alituma mjukuu kumwita. Alipofika alikuta mjomba mwenyewe amepiga magoti mkekani, anamnywesha dada yake uji, nusu imemwagikia kanzu yake. Toka siku hiyo Mrisho hakukosa.

Wiki ya tano Tahiri, mume wa Faidha, alipiga simu kwamba siku zimefika. Shamila alikuwa amefunga begi tayari. Alimbusu mama yake mkono wa kulia, ule usiosikia. Akaushika kidogo. Kisha akapanda pikipiki.

Alifika Newala jioni. Faidha alijifungua alfajiri, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Shamila alikaa huko siku ishirini na tano, Ziada na Veridiana wakipokezana kulala kwa Bi Sophia.

Miezi sita baadaye Ethel alimwuliza tena, shambani, wawili tu. Korosho zilikuwa kumi na tano. Mzigo haukuisha. Ulishuka.

Bi Sophia aliishi mwaka mmoja na miezi minne zaidi. Hakupata kidonda cha kulala hata kimoja. Alifariki siku ya Jumamosi, zamu ya Mrisho. Shamila anakunywa dawa ya presha kila asubuhi, na presha yake imetulia. Mrisho bado ni fundi cherehani Masasi, na mgongo unamsumbua akiinama vibaya. Ziada amejifunza kupima presha, anawapima majirani. Faidha ana mtoto wa pili, huyo alizaliwa Chiwata. Ethel alihamishiwa Lupaso, baiskeli yake bado inalia. Mjomba Bwanali anasema mpaka leo kwamba bakuli si mzani, ila akipita nyumba yenye mgonjwa humsalimia kwanza anayeuguza. Bakuli lipo kwa Shamila. Analiwekea chumvi.